Kura Nyekundu ya Orrin Haldorsen

Orrin Haldorsen alituwakilisha bungeni kwa miaka thelathini na miwili, na kwa ishirini kati ya hiyo alikuwa na donge na mwanamke mmoja. Sisi watu wa Nordlund hatupendi kusema mambo hivyo peupe. Tukiona watu wawili hawapikiki chungu kimoja tunasema tu kwamba kila mtu ana namna yake, tunaongeza kahawa, tunaanza kuzungumzia theluji. Mimi nimechoka na adabu hizo. Ule ulikuwa wivu, wivu wa kumkondesha mtu, na nusura utukoseshe daraja.

Kwanza ujue kura zetu zilivyo. Eneo letu linapeleka watu wawili kwenye Baraza la Wawakilishi kule Bismarck, mji mkuu wa jimbo, na kila mpiga kura anaweka alama mbili kwenye karatasi moja. Wawili wa juu wanapita. Kwa hiyo Orrin hakuwahi kushindwa, hata siku moja. Mara nane aligombea, mara nane alipita. Lakini hata kwenye kupita kuna wa kwanza na kuna wa pili, na tangu Verna Bruggeman aingie kwenye karatasi ile, Orrin alikuwa wa pili. Mara tano mfululizo. Mara ya kwanza alizidiwa kura kumi na moja, akasema ni bahati. Mara ya tano hakusema kitu, maana kura zenyewe zilikuwa mia saba na ushee.

Na kilichomuuma ni kwamba kazi aliijua. Hilo hakuna mtu wa kumnyima. Alikuwa mkulima wa ngano na alizeti, mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, na miezi minne ya kila kikao alikuwa hatoki kwenye makaratasi. Alisoma kila muswada mpaka mstari wa mwisho. Kitabu cha kanuni za Baraza alikijua kwa moyo, na alijua kuhesabu vichwa kabla ya kura kuliko mtu yeyote kwenye jengo la Baraza, lile la ghorofa kumi na tisa. Watu walimheshimu kama wanavyomheshimu daktari wa meno. Walimshukuru, halafu wakaondoka haraka.

Verna alikuwa mpishi wa shule kabla ya kuingia siasa. Nusu ya wapiga kura wetu walikula kwa mkono wake walipokuwa na miaka saba, naye mpaka leo anajua nani hali vitunguu. Ana boksi lake la bati la kadi, na kila mtu wa eneo letu anapata kadi siku yake ya kuzaliwa, imeandikwa kwa mkono. Orrin pia alipata, kila mwaka. Mwaka mmoja alimkuta Duane Pfeifle, mwenzake wa meza ya kahawa, ameibandika yake kwenye kioo cha gari, akainama kuisoma. Ya Duane ilikuwa na mistari sita. Ya Orrin ilikuwa na minne. Alirudi nyumbani akaitoa kwenye droo akahesabu tena.

"Unahesabu nini?" mkewe Ardis alimuuliza.

"Hakuna."

"Mtu mzima unahesabu mistari ya kadi."

"Duane hata si wa chama chetu," Orrin alisema, akafunga droo.

Kwenye gwaride la mwezi wa saba ndiyo usiseme. Magari mawili ya wazi, la Orrin mbele kwa kuwa yeye ndiye mkongwe, la Verna nyuma. Wote wawili wanarusha peremende zilezile, zimenunuliwa duka moja. Watoto wanasimama pembeni mwa barabara wanamwacha Orrin apite, mikono mfukoni, wanamsubiri Verna. Mwaka uliofuata Orrin akanunua chokoleti. Ziliyeyuka juani, akina mama wakalalamika kuhusu nguo.

Sasa tuje kwenye daraja. Mto Badger unaipita Nordlund upande wa magharibi, na daraja lake lilijengwa enzi za babu zetu, la chuma, limekula kutu. Miaka kumi na minne iliyopita mainjinia waliweka kibao: gari zito lisipite. Basi la shule ni zito. Gari la wagonjwa ni zito. Gari la wagonjwa likawa linazunguka maili thelathini na moja. Na watoto wa magharibi, kila asubuhi, basi linawaleta mpaka mwanzo wa daraja, wanashuka, wanavuka kwa miguu, ng'ambo wanapanda basi lingine. Mwezi wa kwanza kwetu, ukitema mate yanafika chini yameganda. Dereva wa basi la magharibi alikuwa Ardis, mke wa Orrin. Alitafuta kamba ya kufungia ndama, akaifunga mafundo kumi na moja, kila mtoto anashika fundo lake, yeye anatangulia na goti lake bovu.

Kwa hiyo usidhani Orrin hakulijali daraja. Lilikuwa lake. Bunge letu linakaa mara moja kila baada ya miaka miwili, na kila kikao Orrin alipeleka muswada wa daraja. Vikao saba. Mara saba alisimama na karatasi zake akawaeleza waheshimiwa kuhusu tani, misumari ya ribiti, kutu na unene wa chuma, na mara saba wabunge wa mijini waliangalia saa zao wakaua muswada. Alirudi kila mara kwa Ardis mikono mitupu. Ardis alikuwa anasema, "Haya, miaka miwili si mingi," halafu anakwenda kukagua kamba.

Mwezi wa kumi na mbili kabla ya kikao cha nane, Verna alikuja shambani kwake. Hakukaa. Alisimama jikoni na koti lake.

"Orrin, safari hii niache mimi niubebe muswada wa daraja," alisema. "Wewe masikio yao yamekuchoka. Hata wakikubaliana na wewe hawakusikii tena."

Orrin aliangalia kikombe chake. Ardis alikuwa kwenye jiko, amewapa mgongo, na mgongo ule ulikuwa unasikiliza.

"Na jina langu?" Orrin aliuliza.

"La pili. Kanuni unaijua. Anayeubeba ndiye wa kwanza."

La pili. Angeweza kukataa. Lakini Ardis aligeuka akamtazama, na goti lake lilikuwa limefungwa bandeji, basi Orrin akasaini. Verna alipoondoka, Orrin alikaa pale mpaka kahawa ikapoa.

Muswada ule ulikimbia. Huko kamatini ambako Orrin aliachwa akisubiri wiki tatu, Verna alipewa siku ya pili. Hakusema habari za tani. Alileta picha ya kamba. Aliiweka mezani, mafundo kumi na moja, akawaambia wanakamati majina ya watoto, fundo moja moja, na nani kati yao alikuwa na pumu. Kamati ikapitisha bila mtu kupinga. Orrin alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Ile kamba ilikuwa ya ndama wake. Mke aliyeifunga alikuwa wake. Miaka kumi na minne ilikuwa inakaa kwenye ndoano nyuma ya mlango wake, na hakuwahi kufikiria kuipiga picha.

Wikiendi ile alirudi nyumbani, akaenda mkahawani kwa Marlys kula mkate wa karameli kama kawaida. Marlys ndiye mwenye mkahawa, na mdomo wake hauna breki.

"Mheshimiwa, nasikia daraja la Verna linakwenda vizuri," alisema huku anamwagia kahawa.

"Daraja la nani?"

"La Verna. Ndivyo wanavyoliita."

"Mimi nimelipigania miaka kumi na minne, Marlys."

"Tunajua, baba, tunajua," Marlys alisema kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa. "Na wewe pia umesaidia."

Umesaidia. Neno lile alilibeba mpaka Bismarck, maili mia moja na ishirini, redio imezimwa.

Siku ya kura ilikuwa Jumanne. Bungeni kwetu mnakaa wawiliwawili, na watu wa eneo moja hukaa pamoja, kwa hiyo Orrin na Verna walikuwa wamekaa bega kwa bega kwa miaka ishirini, yeye kushoto, Verna kulia, boksi la bati katikati. Mbele ya kila mmoja kuna vitufe viwili, kijani na nyekundu. Ukibonyeza, taa inawaka kando ya jina lako kwenye ubao mkubwa ukutani, jimbo zima likuone. Muswada ili upite unahitaji kura arobaini na nane kati ya tisini na nne, na Orrin alikuwa ameshahesabu. Alikuwa na karatasi mfukoni. Arobaini na nane kamili, pamoja na yake. Mtu akipiga chafya, basi.

Verna alizungumza dakika nne. Alipokaa, mbunge mmoja kijana kutoka mjini, mwenye tai ya kipepeo, alipita nyuma yao akamgusa Verna begani.

"Hongera, Verna. Kikao kimoja tu." Halafu akamwinamia Orrin, anacheka. "Umeona inavyofanywa, mzee?"

Spika akafungua kura.

Orrin aliuangalia ubao. Taa za kijani zilijitokeza, moja huku, tatu kule. Ya Verna iliwaka kwanza, bila shaka, hata hapo alitangulia. Nyekundu zikaja. Akahesabu kwa mazoea: arobaini, arobaini na nne, arobaini na saba. Amebaki yeye tu. Kifuani alikuwa na kitu kinachoungua tangu kwa Marlys, tangu jikoni, tangu zile kura kumi na moja za kwanza. Aliiona sherehe, utepe, mkasi mkononi mwa Verna, na yeye mstari wa nyuma na wale waliosaidia. Akaona pia, kwa uwazi kabisa, kwamba muswada ukifa leo yeye bado ana kikao kimoja kabla ya muhula wake kuisha. Miaka miwili tu. Ataubeba mwenyewe, na picha ya kamba, jina lake la kwanza.

Kidole kikaenda kwenye nyekundu. Spika akafunga kura.

Arobaini na saba kwa arobaini na saba. Umekufa.

Verna aliutazama ubao, akatafuta. Halafu akatazama chini, kwenye mkono wa Orrin, ambao ulikuwa bado uko juu ya kitufe. Orrin alitaka kuuondoa, ukawa mzito. Verna alifunika boksi lake la bati, akalivuta upande wake.

Mchana Ardis alipiga simu. Orrin alikuwa kwenye ngazi za jengo, hakuweza kuingia kwenye chumba cha chakula.

"Tulikuwa tunaangalia kwa Marlys," Ardis alisema. "Kwenye ile televisheni yake. Madereva wote, na mwalimu mkuu."

"Ehe."

"Marlys anasema taa yako imeharibika. Duane anasema umekosea kitufe, macho yameisha. Wanakuonea huruma, Orrin. Nimewaacha waendelee."

Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yake na watu wenye nia njema, kilichobaki ni kupita. Nimekosea, uzee huu. Nani angebisha?

"Hukukosea," Ardis alisema. "Tumeoana miaka arobaini na minne. Wewe hukosei kitufe."

"Nilitaka kuuleta mimi. Kikao kijacho. Mimi mwenyewe."

"Kikao kijacho." Kikombe kikagonga sahani upande wa pili. "Sawa. Nitawaambia watoto wasikue."

Akakata simu. Ardis si mtu wa kukata simu. Orrin alisimama kwenye ngazi zile na upepo unamkata masikio, akajaribu kumkasirikia Verna, kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza hasira haikuja. Kilichokuja ni goti la Ardis.

Sasa hapa kuna kanuni moja, na Orrin aliijua kuliko wote. Muswada ukishaanguka, unaweza kurudishwa ukapigiwa kura upya, lakini ni kabla Baraza halijaahirishwa kesho yake, na anayeweza kuomba hivyo ni mtu aliyepiga kura upande ulioshinda. Walioshindwa hawana ruhusa hata ya kufungua mdomo. Verna angelia mpaka asubuhi, kanuni haimruhusu. Wale arobaini na sita wengine wa nyekundu hawakulitaka daraja. Alibaki mmoja tu jimbo zima anayelitaka na mwenye haki ya kusimama, na huyo ni yeye. Kusimama kwenyewe kuna masharti: lazima kwanza useme kwa kinywa chako, mbele ya watu wote, kwamba ulipiga kura ya kuua.

Kesho yake aliingia mapema. Verna alikuwa bado. Juu ya meza ya Orrin palikuwa na kadi, ya zamani, kingo zimekuwa njano. Alidhani ni ya kuzaliwa, akataka kucheka. Akaigeuza. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Alikumbuka pole pole. Wiki ya kwanza ya Verna bungeni, miaka ishirini nyuma, alikuwa hajui aanzie wapi na kitabu cha kanuni. Orrin, ambaye wakati ule bado hakuwa na sababu ya kumchukia, alimwandikia kwenye kadi maneno ya kurudisha muswada, neno kwa neno, ili akisimama asibabaike. "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa nilipiga kura na upande ulioshinda, naomba Baraza lifikirie upya uamuzi wake." Chini yake alikuwa ameandika: usiogope, wote tulianza hivi. Verna alikuwa ameitunza miaka yote ndani ya lile boksi, chini ya kadi za watu wote, na jana yake kabla ya kuondoka akaiacha pale.

Verna alipofika aliketi, akapanga karatasi zake. "Habari za asubuhi, Orrin," alisema.

"Nzuri."

Basi. Waliketi bega kwa bega kama siku zote. Orrin alimchukia kwa kadi ile. Angemtukana ingekuwa nafuu, angemwambia roho yako mbaya, naye angejibu, wangefika mahali. Lakini kumrudishia mtu wema wake mwenyewe wa miaka ishirini iliyopita, hilo halina jibu. Alikaa nalo saa nzima, wakati Baraza linajadili leseni za vinyozi.

Halafu akajikaza, akasimama. Kadi ilikuwa mkononi, ingawa maneno aliyajua.

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa nilipiga kura na upande ulioshinda—"

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Nadhani yule wa tai ya kipepeo.

"Mheshimiwa Haldorsen," Spika alisema, anachungulia juu ya miwani, "muswada wenye jina lako. Unathibitisha kwamba ulipiga kura ya hapana?"

"Nathibitisha."

Masikio yake makubwa yalikuwa mekundu mpaka shingoni. Baraza likakubali muswada urudi, na Spika akamuuliza kama ana la kuongeza. Orrin alikuwa na karatasi za tani na ribiti, alikuwa nazo siku zote. Akaziacha mezani. Akawaambia kwamba dereva wa basi ni mke wake, kwamba ana miaka sitini na nane, na kwamba kila asubuhi anarudi nyumbani anakaa kwenye kiti cha mlangoni kabla ya kuvua viatu, kwa sababu goti halikunji. Akasema hajawahi kulitaja hilo kwa vikao saba. Hakusema kwa nini. Akaketi.

Hamsini na moja kwa arobaini na tatu. Taa yake ilikuwa ya kijani, na safari hii aliibonyeza mapema.

Unaweza kudhani yameishia hapo. Wivu hauishi kirahisi hivyo. Daraja lilikamilika vuli ya mwaka uliofuata, na miezi yote ile Orrin hakukanyaga kwa Marlys. Alijua mezani wanasema nini. Kura yake nyekundu waliiona wote, na habari ya macho yaliyoisha iliwatosha siku mbili tu. Duane mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema, "Mzee yule alikuwa na kijicho."

Siku ya kufungua, tulisimama kando ya mto tumevaa makoti, bendi ya shule inapuliza. Verna alipewa kipaza sauti. Orrin alikuwa mstari wa nyuma, palepale alipojiona siku ile. Akasubiri aaibishwe.

"Kuna watu wananiuliza kuhusu ile kura nyekundu," Verna alisema. "Naomba niwaeleze, kwa sababu Orrin hawezi kujisifu. Siku ile tulikuwa tunaanguka. Orrin anajua kuhesabu vichwa, nyote mnajua. Aliona tunaanguka, na akajua kwamba lazima mmoja wetu awe upande wa washindi, la sivyo hakuna wa kuurudisha muswada. Akajitoa. Akakubali kuonekana mbaya siku nzima. Kitu hiki alinifundisha mwenyewe wiki yangu ya kwanza, na siku ile ndiyo alinionyesha kinavyofanywa."

Watu walilitafuna neno lile. Halafu Duane akapiga makofi. Halafu Marlys. Halafu wote, na Verna akaonyesha kibao kilichofunikwa, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa ameinua mkono kwenye mkutano wa kaunti akapendekeza jina. Wakavuta kitambaa. Daraja la Orrin Haldorsen.

Orrin alijua ule ni uongo. Mtu yeyote anayejua hesabu angejua: bila nyekundu yake muswada usingeanguka kabisa. Verna alijua hesabu. Walimsukuma mbele, akapewa kipaza sauti, na naapa alikuwa amekusudia kusema ukweli. Nilimwona mdomo ukifunguka. Lakini yale makofi yalikuwa yake, yote, kwa sauti ambayo alikuwa akiisikia miaka ishirini kutoka gari la nyuma. Akavishwa kilemba cha ukoka, akakivaa.

"Asanteni," alisema. Ndiyo hotuba yote.

Jumatatu yake alipanda basi la Ardis, kiti cha mbele. Alitaka kuona. Walipofika mwanzo wa daraja, watoto wote walisimama, wakavaa glavu, wakajipanga mlangoni. Hakuna aliyewaambia. Wengine walikuwa hawajawahi kujua njia nyingine.

"Kaeni," Ardis alisema kwenye kioo. "Leo hatushuki."

Wakakaa, wanatazamana. Basi likapanda darajani, taratibu, na kibao kikapita dirishani mwa Orrin.

"Anajua," Orrin alisema kwa sauti ya chini.

"Alikuwa pembeni yako. Aliona kidole."

"Sasa kwa nini alisema vile? Angenimaliza pale. Mbele ya watu wote. Mimi ningemmaliza."

Ardis alikuwa anasikiliza magurudumu kwenye lami mpya.

"Miaka yote hii nilitaka wanipigie makofi kama yeye," Orrin alisema. "Sasa hata hayo amenipa yeye. Hata jina langu, Ardis. Amenipa kama peremende."

"Ndiyo," Ardis alisema, akabadilisha gia. "Hapo pia umekuwa wa pili, mume wangu."

Ng'ambo, lile basi lingine halikuwepo. Ardis akaendelea moja kwa moja mpaka shuleni.